Nyota nyekundu ya Ketusi niliyoiona mwezi wa nane mbona sasa haipo?

MamaChai_Manyoni

Wakuu habari za usiku. Kama nimekosea jukwaa mods wanisaidie kuuhamisha uzi.

Mimi nauza chai na vitafunwa stendi ya Manyoni. Saa kumi alfajiri nakuwa nimeshawasha jiko nje, na maji yakisubiri kuchemka sina la kufanya ila kuangalia juu. Huku kwetu mwezi wa saba na wa nane hakuna wingu hata la dawa, na umeme ukikatika ndio kabisa, nyota hazihesabiki. Mwanangu yuko kidato cha tatu, aliniwekea programu ya nyota kwenye simu ili nisiwe namsumbua na maswali.

Mwezi wa nane kulikuwa na nyota moja karibu na utosi, wekundu wake unauona bila kuambiwa, inang'aa vizuri, imekaa kusini magharibi ya Kilimia. Simu ikasema ni Mira, kundinyota la Ketusi. Nikaizoea. Sasa tumeingia mwezi wa kumi na mbili, nafunga kibanda saa tatu usiku, mawingu yakiachia naiona Ketusi palepale juu, nyota zake nyingine zote zipo, ila hiyo haipo. Simu inang'ang'ania kuwa ipo na imeiandikia namba 3. Nimemwita kijana, ana macho mazima kuliko yangu, naye haioni.

Je imelipuka? Imezimika? Kuna mteja ananiambia nyota ikizima kuna mkubwa anaondoka, na mimi hayo siyataki kibandani kwangu. Naomba mwenye kujua anieleweshe kwa lugha nyepesi.

Konda_wa_Usiku

Bi mkubwa hiyo ilikuwa setilaiti, siku hizi zimejaa huko juu kama nini. Wiki ijayo napita na basi, niwekee chapati mbili.

Mpima_Mawingu

Mkuu Konda, setilaiti haikai mwezi mzima kati ya nyota zilezile. Mama ameona vizuri na simu ndiyo inayomdanganya.

Dada yangu, nyota yako ni nzima. Haijalipuka wala haijazimika, imeshuka tu, na itapanda tena. Ni jitu jekundu linalotanuka na kusinyaa, mzunguko mmoja huchukua takriban siku 332. Ikiwa kileleni unaiona kwa macho matupu bila shida. Ikiwa chini kabisa huioni hata ukiwa porini, mpaka uwe na darubini. Wewe uliikuta karibu na kilele, sasa imepita miezi minne, ndiyo hiyo imezama chini ya uwezo wa macho. Juzi niliitazama kwa darubini ya mkono, iko kwenye 7 hivi.

Niseme kwanza kuhusu hizo namba maana zinachanganya. Namba ya mng'ao ikiwa kubwa, nyota ni hafifu. Macho mazuri kwenye giza la kweli yanafika 6. Kila hatua tano ni tofauti ya mara 100. Mira kawaida hupanda hadi 3 au zaidi kidogo, mara chache inafika 2, halafu inashuka hadi kwenye 9. Kutoka 3 hadi 9 mwanga unaofika kwenye jicho lako umepungua karibu mara 250. Sasa mtengeneza programu anachukua namba moja anaigandisha hapo mwaka mzima. Kwa nyota nyingi haidhuru. Kwa hii ni uongo wa mchana kweupe, au wa usiku tuseme.

Kinachoisukuma ni hivi. Chini ya uso wake kuna tabaka ambalo haidrojeni yake imevunjika nusunusu, elektroni zimeachana na viini. Tabaka hilo likibanwa, joto linalotoka ndani linakwama humo. Shinikizo linapanda, linausukuma uso wote wa nyota kwenda nje. Ukishatanuka unapoa, elektroni zinarudi kwenye viini, joto linapata upenyo wa kutoka, shinikizo linashuka, na uzito wa nyota wenyewe unavuta kila kitu kirudi ndani. Kinarudi kwa kasi hadi kinapitiliza, tabaka linabanwa tena, safari inaanza upya. Mwili wenyewe ni mkubwa mno: upana wake ni zaidi ya mara 300 ya jua. Ukiiweka mahali pa jua letu, dunia ingekuwa tumboni mwake. Jitu la namna hiyo, gesi yake nyepesi, haliwezi kutanuka na kurudi kwa siku moja au mbili.

Ila jambo ambalo watu wengi hawaambiwi, na mimi ndilo lililonifanya nishikamane na nyota hii, ni kwamba hizo mara 250 ni za macho yetu tu. Ukipima nguvu yote inayotoka kwenye nyota, pamoja na ile ya infraredi tusiyoiona, inabadilika mara mbili au tatu basi. Uso wa Mira ni kama nyuzi 3,000 za Kelvini, wakati jua ni karibu 5,800. Kwa joto dogo hivyo sehemu kubwa ya mwanga wake iko upande wa infraredi tangu mwanzo. Halafu inapotanuka na kupoa zaidi, titani na oksijeni zilizo kwenye anga ya nyota zinaungana kuwa oksidi ya titani, kama ukungu unavyojitunga alfajiri hewa ikipoa. Oksidi hiyo inakula mwanga ule ule ambao macho yetu yanautegemea. Nyota inapojibana na kupata joto, oksidi inavunjika, mwanga unapita. Kwa hiyo ulichokiona kikipotea ni kipande kidogo cha Mira kilichokuwa kinapita kwenye dirisha letu dogo. Ungekuwa na macho ya infraredi ungeniuliza mbona watu wanasema inabadilika sana.

Ndiyo maana huwa nakereka nikisikia nyota imefifia na watu wameshaandika tanzia. Mnakumbuka mwishoni mwa 2019 ile nyekundu ya Jabari, Betelgeuse, iliposhuka hadi Februari 2020 ikafika kwenye 1.6? Mitandao yote ilikuwa inangoja mlipuko. Ilikuwa vumbi nyota yenyewe iliyolitema, likakaa mbele yake, likatawanyika.

Huyo mteja wako mwambie hao wakubwa wangekuwa wanaondoka kila baada ya miezi 11, na hakuna serikali ingesimama.

MamaChai_Manyoni

Shikamoo mzee. Nimecheka hapo mwisho hadi majirani wamechungulia. Nashukuru sana, nimeelewa karibu yote.

Maswali mawili tu. Kwanza, watu waligundua lini kwamba inapotea na kurudi, au ni wewe na hiyo darubini? Pili, mimi naweza kuifuatilia nijue imefika wapi, au hiyo ni kazi ya wasomi? Jirani yangu ni askari wa wanyamapori, ana darubini ya kuangalia tembo, ananiazima akiwa likizo.

Mpima_Mawingu

Marahaba mwanangu.

La kwanza. Agosti 1596 mchungaji mmoja wa kanisa huko Frisia Mashariki, pwani ya kaskazini ya Ujerumani ya leo, jina lake David Fabricius, alikuwa anapima mahali ilipo sayari aliyodhani ni Utaridi. Waliokuja kukokotoa baadaye wanasema ilikuwa Mshtarii. Akahitaji nyota ya kupimia umbali, akaichagua hii. Baada ya wiki kadhaa anaona imezidi kung'aa, ikifika Oktoba haipo. Hakukuwa na darubini duniani wakati huo, alikuwa na macho kama wewe. Akahesabu kuwa ni nyota mpya iliyowaka na kufa, akaendelea na mambo yake, hadi mwaka 1609 akaikuta imerudi. Katikati hapo, mwaka 1603, Johann Bayer akaiweka kwenye atlasi yake na kuipa herufi Omikroni, bila habari kwamba ndiyo ile ya Fabricius. Mwaka 1638 Mholanzi Johannes Holwarda wa Franeker akatambua kuwa inarudi kila baada ya miezi 11 hivi. Mtazamaji nyota Hevelius wa Danzig akaiita Mira mwaka 1662, na mwaka 1667 Mfaransa Boulliau akatoa hesabu ya siku 333. Tofauti na yetu ya leo ni kama siku moja, na mzee huyo hakuwa na kompyuta.

Fabricius mwenyewe hakufa kwa amani. Mwaka 1617 alisimama mimbarani akamtaja mwizi wa bata bukini, mtuhumiwa akamsubiri na koleo. Wachungaji wenye darubini wawe makini na mahubiri.

La pili ndilo la maana. Unaweza, na tunakuhitaji.

Mimi nilikuwa mpimaji wa hali ya hewa, zamu za usiku, sasa nimestaafu nipo Kondoa. Kazi ile kila saa unatoka nje, unakadiria anga imefunikwa sehemu ngapi kati ya nane, unaandika, unarudi ndani. Usiku wa kiangazi unaandika sifuri hadi mkono unachoka. Ndipo nikaanza kukadiria na nyota. Utaalamu ni uleule: jicho, kitu cha kulinganisha, na kuandika ulichoona hata kama hakikupendezi.

Tafuta hivi. Toka Kilimia na Aldebaran uelekee kusini magharibi, utakutana na nyota yenye rangi ya chungwa kidogo, ndiyo Menkar, mng'ao 2.5. Kutoka hapo fuata Gama ya Ketusi, mng'ao 3.5, halafu Delta, 4.1. Ule umbali wa Gama hadi Delta uzidishe mara mbili, endelea kusini magharibi, hapo ndipo Mira inapokaa. Sasa hivi kwa macho utaona pengo. Elekeza darubini kwenye pengo.

Kupima: unachukua nyota mbili za jirani ambazo namba zake zinajulikana, moja inayoizidi Mira kidogo, nyingine iliyo chini yake kidogo, unajiuliza Mira iko wapi katikati yao. Tuseme ni wakati wa kilele na unaiona kati ya Gama na Delta, imeikaribia Gama zaidi, theluthi moja ya njia. Hiyo ni 3.7. Usihesabu kabla hujaangalia, na usichungulie ya wenzako kwanza, maana ukishaijua namba ya mwingine jicho lako litaitafuta hiyo hiyo.

Ramani za kupimia zinatolewa bure na AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota badilifu kilichoanzishwa 1911. Kinapokea vipimo vya mtu yeyote wa nchi yoyote, hakiulizi cheti. Ukiifungua ramani utaona namba kama 64 au 71 pembeni ya nyota. Soma 6.4 na 7.1. Waliacha nukta kwa makusudi, nukta kwenye ramani ya nyota si ungeidhani ni nyota nyingine?

Sasa wekundu. Nyota nyekundu ukiikodolea macho inazidi kung'aa machoni mwako, si angani. Kwa hiyo usiikazie. Itupie jicho, toka, itupie jicho nyenzake, toka. Mimi huzungusha kidogo kile kigurudumu cha darubini cha kusafishia picha ili nyota zigeuke viduara vyenye ukungu, kulinganisha viduara kunakuwa rahisi kuliko kulinganisha ncha. Mbalamwezi ikiwa kali, acha, nenda ukalale. Na ikifika chini kabisa, kuna nyota ndogo ya 9 hivi iko ubavuni mwake kabisa, ukiwa na darubini dogo utaishika hiyo uandike Mira imegoma kushuka. Hapo ndipo pa kuangalia ramani mara mbili.

Kwa nini nasema tunakuhitaji? Kilele chake hakiko kwenye tarehe moja. Siku 332 ni pungufu ya mwaka kwa mwezi mmoja na siku chache, kwa hiyo kila mwaka kilele kinatangulia. Mwaka huu ilikuwa Agosti, mwakani itakuwa Julai mwanzoni, baadaye Juni, Mei, hadi kiangukie Aprili. Na Aprili jua linakuwa upande huohuo wa anga, Mira inazama nalo na kuchomoza nalo. Wazungu wa kaskazini hapo wanaipoteza kwa wiki nyingi, maana kwao mapambazuko yanajivuta, anga ni nyeupe muda mrefu kabla jua halijatoka. Kwetu karibu na ikweta giza linaondoka kwa haraka na nyota inapanda wima. Tunaidaka ikichomoza alfajiri mapema kuliko wao. Kwenye kumbukumbu za miaka mingi kuna pengo kila mwaka kipindi hicho, na katika miaka ambayo kilele kinaangukia humo, mtu aliyesimama nje saa kumi na moja Singida ana kitu ambacho mwenye chombo cha mamilioni kaskazini hana. Wewe saa hizo upo jikoni tayari!

Tatizo letu ni Aprili hiyohiyo kuwa ya mvua. Hapo sina dawa, nimepima mawingu maisha yangu yote na sijaona hata moja lililotii. Ila Juni hadi Septemba Dodoma na Singida hatuna mpinzani. Agosti saa kumi na moja alfajiri Mira inapita karibu utosini kabisa pa Manyoni, shingo itakuuma. Tandika mkeka ulale chali.

Nahodha_Kilindini

Hodi jamani, niko Mombasa. Mzee Mpima, huku taa za bandari zimetumaliza, Mira naiona ikiwa kileleni tu. Swali langu: nimesikia jua nalo litakuja kuwa hivi. Ni kweli ama ni stori?

Mpima_Mawingu

Kweli, lakini una muda wa kumaliza kahawa. Ni miaka kama bilioni 5 kabla jua halijaanza kuvimba. Mira ilikuwa nyota ya kawaida, haidrojeni ya kitovuni ikaisha, heliamu nayo ikaisha, imebaki kitovu cha kaboni na oksijeni, kuwaka kunaendelea kwenye maganda ya nje yake. Mwili umevimba, unajitikisa, na kila mtikisiko unasukuma gesi nje. Gesi ikifika mbali inapoa, inakuwa vumbi, mwanga unalisukuma vumbi liende zake. Ndivyo nyota ya aina hii inavyojimaliza kidogo kidogo hadi kibaki kitovu tupu, kibete cheupe.

Na hiyo gesi imeonekana. Mwaka 2007 darubini ya angani iitwayo GALEX, chombo kilichokuwa kinapiga picha kwa mionzi ya urujuanimno kilikuta Mira ina mkia wenye urefu wa miaka ya nuru 13, na mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri mwaka mzima. Nyota inakwenda kasi ya kilomita 130 kwa sekunde ikipasua gesi ya angani, na nyuma yake imeacha kila ilichokitema kwa miaka kama 30,000. Yenyewe iko umbali wa miaka ya nuru 300 hivi. Watu wameitazama tangu 1596 na mkia ulikuwepo muda wote, hakuna aliyekuwa na jicho la mwanga ule. Pembeni yake pia kuna mwenzake mdogo, mtazamaji nyota Robert Aitken alimwona mwaka 1923 kwenye kituo cha darubini cha Lick, Kalifonia. Huyo keshakuwa kibete cheupe tayari, na anadaka sehemu ya gesi ya jirani.

Wewe wa Mombasa usikate tamaa, darubini ya mkono inapunguza sana madhara ya taa. Ukichoka kusubiri Ketusi, kwenye Simba kuna R Leonis karibu na Regulus, ndugu yake Mira, siku 310 hivi. Kileleni inafika 4 na kitu, kwa hiyo chini ya taa zenu ni ya darubini. Rangi yake nzuri kuliko ya Mira, hilo nabishana na yeyote.

Konda_wa_Usiku

Nimerudi kusoma. Nafuta kauli ya setilaiti, chapati zibaki palepale.

MamaChai_Manyoni

Mzee, nimeipata!! Darubini ya askari imeandikwa 8x42, nimeegemeza viwiko kwenye meza ya chapati mkono usitikise. Lile pengo kumbe lina vinyota vingi, kijana kashika ramani na tochi tumeifunika kitambaa chekundu kama maelekezo ya ramani yalivyosema. Ipo, ndogo, na rangi inaonekana kidogo. Mimi nimesema 6.8, kijana kasema 7.0, tumebishana. Nimejisajili pale, naogopa kubonyeza kutuma. Nimeandika saa 3:20 usiku.

Mpima_Mawingu

Kila mmoja atume yake. Msikubaliane, kijana ajisajili kwa jina lake na aandike 7.0 yake. Tofauti ya 0.2 kwa nyota nyekundu ni ya kawaida kabisa, hata wakongwe wanaachana hivyo.

Saa usiiandike hivyo. Wao wanatumia saa za ulimwengu, si za Afrika Mashariki wala za Kiswahili. Saa 3:20 usiku ni 21:20 kwa saa ya simu, toa tatu, andika 18:20. Wakikuuliza siku ya Julian, yaani namba ya siku zinazohesabiwa mfululizo bila miezi wala miaka, mtandao wao unakukokotolea, jua tu kwamba hiyo hubadilika saa tisa alasiri ya kwetu, kwa hiyo usiku mzima unabaki ndani ya namba moja. Lakini tarehe ya kawaida itakutega: ukipima kati ya saa sita na saa tisa usiku, kwao bado ni jana, rudisha tarehe nyuma siku moja. Zile za saa kumi alfajiri, ukiwa na jiko lako, tarehe haibadiliki.